Kiti Kimoja Hakikurudi

Mtu akifiwa katika mji wetu wa Baraka, kabla ya kutafuta mbao za jeneza hutafuta viti. Msinicheke. Mbao zitapatikana, fundi yupo, na marehemu mwenyewe hana haraka. Lakini wageni wanafika na huzuni yao na miguu yao, na mgeni wa msiba hasimamishwi. Kwa miaka kumi na miwili aliyetafuta viti alijua njia moja tu: kushuka mpaka kwa Mama Anasta, kubisha mlango na kutaja jina la marehemu. Zaidi ya hapo hakuulizwa kitu.

Jina lake la ubatizo ni Anastasie. Anauza ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, huko sokoni, na ukimwona amejiinamia juu ya ungo wake akitoa mchanga na vijiti, hutamdhania mtu wa siasa. Hata yeye hajidhanii. Aliingia katika komiti ya chama kwa sababu ya viti, wala si kwa hotuba. Tangu achaguliwe kuwa mtunza vyombo hakuwahi kuomba kusema mkutanoni hata mara moja, mpaka siku ile nitakayoifikia.

Viti vyenyewe ni vya plastiki, vya buluu, arobaini na viwili. Vililetwa na mgombea mmoja wa ubunge wakati wa kampeni. Alishinda, akaenda zake Kinshasa, na mpaka leo hajarudi hata kuuliza vina hali gani. Mgongoni vina herufi za chama kwa rangi nyeupe. Chama sikitaji jina. Vyama kwetu ni vingi kuliko mitumbwi, na hiki hakikuwa kibaya kushinda vingine. Komiti yake ya Baraka ilikuwa na watu arobaini na mmoja, kwa hiyo viti viliwatosha wote na kikabaki kimoja cha mgeni. Mkutano ulikuwa mara moja kwa mwezi. Msiba ulikuwa kila wiki. Hesabu mwenyewe uone viti vile vilikuwa vya nani.

Prezida wa chama hapo Baraka alikuwa Casimir, mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye koti moja na maneno mengi. Yeye ndiye aliyempa Anastasie viti avitunze, kwa kuwa alikuwa na chumba chenye kufuli, na kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa na mwanamume wa kuviuza kimoja kimoja. Mume wake, Fabien, alikwenda Misisi kuchimba dhahabu. Dhahabu alipata kidogo, mke wa pili alipata mzima mzima, akahamia huko.

Basi Anastasie akavitunza. Mkokoteni ukija kuchukua viti, alifunga kitenge vizuri akatembea nyuma yake mpaka kwenye msiba. Alipanga viti mwenyewe, vya wazee upande wa kivuli, vya kina mama karibu na mlango, kisha naye akakaa kidogo na wafiwa. Msiba ukiisha alirudi, akaviosha kwa mchanga na sabuni, akavihesabu. Na kila mara hesabu ilipungua kimoja, kwa sababu kimoja alikiacha.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na hakuna katiba ya chama iliyoiandika. Wageni wakishaondoka, huja wale wa kuchelewa, mmoja leo, wawili keshokutwa, na mfiwa hupokea watu akiwa ameketi chini kama mzigo uliosahauliwa. Kwa hiyo aliacha kiti kimoja mlangoni pa mfiwa. Wala hakwenda kukidai. Alisema maneno yale yale kwa kila mtu, kwamba siku miguu yako itakapokubali, utakileta mwenyewe. Kuna kilichorudi baada ya siku tatu, na watu wakasengenya kidogo. Kuna mvuvi mmoja, Jérémie, aliyefiwa na mke, akakaa na kiti miezi saba. Asubuhi moja alikuja nacho kichwani, amenyoa ndevu, akaomba chai.

Desturi hiyo haikutoka hewani. Wakati wa vita Anastasie alivuka ziwa kama wengi wetu, akaishia kambi ya Nyarugusu, huko Tanzania, na mtoto wake Clarisse wa miaka saba. Homa ikamchukua Clarisse msimu wa mvua. Waliokuja kumpa pole walisimama kwenye matope, wakasema neno wakaondoka, maana kila mmoja alikuwa na lake, na yeye akabaki ameketi chini siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mama mmoja wa Kiha kutoka kijiji cha Makere, aliyezoea kuja kambini kuuza mihogo, aliweka kikapu chini, akamtazama, akarudi kwao. Alasiri alikuja na kigoda cha mti, cha miguu mitatu. Akamwinua, akamkalisha, akamwambia akiweza kusimama akirudishe.

Anastasie aliweza kusimama baada ya mwezi. Alikipeleka kigoda sokoni, lakini yule mama hakuwa akija tena. Alikipeleka wiki iliyofuata na iliyofuata. Alimuuliza kila Muha aliyeuza mihogo, na kila mmoja alitaja mama mwingine. Siku ya kurudi kwao Kongo, walipoambiwa wapunguze mizigo kabla ya kupanda meli Kigoma, aliacha sufuria mbili akabeba kigoda. Kipo mpaka leo karibu na kitanda chake. Hakikaliwi na mtu, na yeye mwenyewe hakikalii.

Sasa tuingie kwenye siasa, tupende tusipende.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na kwetu mwaka wa uchaguzi hata salamu hupimwa. Mjini walikuwapo watu wa mlimani, walioshuka kutoka Bibokoboko baada ya mapigano kuharibu makazi yao na kutawanya ng'ombe wao. Wanasema Kinyarwanda, wanasali kwa Waprotestanti, na baina yao na sisi wa kando ya ziwa kuna damu nyingi pande zote mbili, ambayo sina haja ya kuisimulia, maana sote tumefiwa. Miongoni mwao alikuwa Mukantwari. Alikuwa akiuza maziwa ya mgando, meza yake ikiwa ya nne au ya tano kutoka ungo wa Anastasie. Walikuwa wanasalimiana tu, na siku za jua kali waligawana kivuli cha turubai moja.

Mume wa Mukantwari, Semutobo, aliugua akafa. Jumamosi hiyo Anastasie alipita njia ya nyumba yao akitoka sokoni, akaona watu kama thelathini wamesimama uani, wengine wazee, wakiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Mjane alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani.

Casimir siku hiyo alikuwa amepanda Fizi, kwenye ofisi za territoire, yaani za wilaya, kwa karatasi za uchaguzi. Lakini hata angekuwa mlango wa pili, Anastasie asingemuuliza, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza juu ya msiba wowote. Aliita mkokoteni. Akapanga viti, vya wazee kivulini, vya kina mama karibu na mlango. Jumatatu yake viti vikarudi, arobaini na kimoja, maana wafiwa wengine wote walikuwa wamekwisha kurudisha vyao.

Angevichukua vyote bila kuacha kile kimoja, pengine dunia isingejua. Lakini alikiacha kama desturi yake, na Mukantwari akakaa juu yake mlangoni akipokea watu, na mtu akapita na simu. Picha ilizunguka mji mzima kabla ya adhuhuri: mjane wa mlimani ameegemea herufi za chama. Chini yake mwenye simu alikuwa ameandika kwamba chama kimehama ziwa, kimepanda mlima kutafuta kura.

Walioudhika waliudhika kweli, na sitawafanya wajinga, maana wengine walikuwa wameacha ndugu zao ardhini. Lakini hasira ya kweli hupata haraka watu wa kuipanda ili iwafikishe watakako. Norbert, makamu wa prezida, mwenye duka la saruji na mabati, alikuwa ameitamani nafasi ya Casimir kwa muda mrefu. Alizunguka na karatasi akakusanya saini za kutaka kura ya imani. Akapiga simu Bukavu, kwa wakubwa wa chama wa jimbo, na Bukavu wakasema watamtuma mjumbe. Kosa lililoandikwa lilikuwa moja, kwamba prezida ametoa mali ya chama kwa watu ambao wanachama hawakuulizwa juu yao.

Jioni moja kabla ya jua kuzama Casimir alikuja kwa Anastasie. Alikataa chai, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

“Mama Anasta,” akasema, “siku ya mukutano utanyamaza. Nikisema sikujua, bataniuliza iko prezida gani mwenye hajui biti yake iko wapi. Nitasema mi ndiye niliruhusu.”

Anastasie alimwambia kwamba huo ni uongo. Casimir akasema ni uongo wa siku moja tu, na kwamba yeye kama prezida anaweza kuanguka akainuka, lakini mtunza vyombo akianguka hakuna atakayemkumbuka. Nadhani alikuwa na wema ndani yake aliposema hivyo, na nadhani pia alikuwa na majivuno. Vitu hivyo viwili vilikaa pamoja katika koti lile bila kugombana.

Anastasie hakulala vizuri wiki ile. Aibu haikuwa jambo kubwa kwake. Aliogopa kunyang'anywa viti. Mwanamke asiye na mume nyumbani, asiye na mtoto, muuza ndagala, nani angebisha mlango wake bila viti? Vilikuwa vimemfanya kuwa mtu wa Baraka. Aliamua kunyamaza kama alivyoambiwa, na akajidharau kidogo kwa uamuzi huo.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, katika darasa la shule. Mjumbe kutoka Bukavu aliitwa Lionel, kijana mwenye miwani na katiba ya Kifaransa mkononi. Walikuwa watu arobaini na mmoja na mgeni wa arobaini na mbili, na viti vilikuwa arobaini na kimoja. Kila mtu aliona hesabu hiyo kwa macho, bila kuandika. Casimir alimpa mgeni kiti chake, akabaki amesimama mbele ya ubao tangu mwanzo hadi mwisho, mikono mfukoni.

Norbert alisema kwa nusu saa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, tena na tena, kiti cha arobaini na mbili kiko wapi, na ni nani amekikalia wakati prezida wao amesimama. Kisha Casimir akajibu kwamba yeye ndiye aliyeruhusu, na kwamba anayetaka kumwadhibu amwadhibu yeye. Sauti yake ilikuwa nzuri. Ila mikono ilikuwa bado mfukoni, na mwalimu anayesema kweli huwa anaitoa.

Hapo Anastasie alisimama. Baadaye alisema hakujua kama amesimama mpaka alipoona watu wanamtazama.

“Prezida anasema bongo juu yangu,” akasema, na bongo kwetu ni uongo. “Biti ni mi nilitoa. Sikumuuliza, juu sijamuulizaka hata siku moja, hata kwenu. We Papa Bienfait, wakati ya muzee wako niliuliza nani? Kiti yenye imebaki kule, hata kwako nilibakisha. Ile mama iko chini, mi nikaona. Ni vile tu.”

Akakaa. Bienfait, fundi baiskeli aliyekuwa ametia saini karatasi ya Norbert, alitazama viatu vyake. Kila aliyewahi kufiwa, yaani wote, akawa na kiti chake cha kukumbuka. Lakini wapo walioumia zaidi kwa maneno yale. Mama mmoja wa nyuma alisema wazi kwamba ndugu zake waliuawa juu kule na hakuna aliyewapelekea kiti. Anastasie alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Wakapiga kura. Katiba ilitaka karatasi, lakini hapo Baraka walikuwa wamezoea punje, kwa kuwa si wote wanasoma, na punje haina mwandiko wa kutambulika. Kila mmoja alipewa haragwe moja na punje moja ya mahindi. Haragwe ni prezida abaki, hindi ni aende. Unaingia nyuma ya pazia, unaangusha moja kwenye bidoni, yaani dumu la plastiki, nyingine unaitupa kwenye ndoo ya maji machafu. Lionel alikagua katiba yake, akaona hakuna mahali ilipokataza maharagwe, akakubali.

Bidoni ikamiminwa juu ya ungo, na ungo ulikuwa wa Anastasie mwenyewe. Mahindi ishirini. Maharagwe ishirini na moja. Lakini haragwe moja lilikuwa limetobolewa na fukusi, limebaki nusu ganda, na Norbert akaliinua juu kwa vidole viwili. Akauliza kama kura yenye fukusi ni kura. Hapo ndipo mzozo mkubwa wa siku ile ulipozuka. Waliokuwa kimya juu ya damu na mlima walipata la kusema juu ya fukusi. Wengine walisema haragwe lililotobolewa halioti, wengine wakasema lakini linapikika. Lionel alifungua katiba kifungu kwa kifungu, jasho likimshuka kwenye miwani, na mwisho akatangaza kwamba fukusi hawakutajwa, kwa hiyo haragwe ni haragwe. Casimir akabaki prezida kwa nusu ganda.

Tangu siku hiyo mji ukamwita Prezida Fukusi, mbele yake na nyuma yake.

Sasa sikia mambo ya wanadamu. Haragwe lenye fukusi lilikuwa moja, lakini katika siku kumi watu ishirini na sita walikwenda kwa Casimir, kila mmoja kwa wakati wake, kumnong'oneza kwamba lile lilikuwa lake. Bienfait alikwenda mara mbili. Casimir aliwashukuru wote, akaahidi hiki na kile. Anastasie hakwenda. Aliona hana cha kudai, alikuwa ameangusha haragwe lake kama wengine na yakaisha.

Na kwa kuwa hakwenda, yeye ndiye aliyelipishwa. Mtu aliyeponea kura moja hawezi kutembea kama aliyeshinda kwa thelathini. Kila asubuhi huamka na wale ishirini wamekaa kifuani pake. Wiki tatu baadaye Casimir alikuja tena, na safari hii chai aliipokea lakini hakuinywa. Alisema ili chama kisivunjike kabla ya uchaguzi, wamekubaliana na Norbert kwamba viti vihamie kwa huyo Norbert, vitolewe kwa wanachama wenye kadi tu, na virudi vyote asubuhi ya pili.

“Nilikubali yote, Mama Anasta,” akasema, macho kwenye kikombe. “Ila ile kiti moja nilikatala. Norbert alitaka batume mutu ayikamate. Nikamwambia kama ni ile, basi tupige kura tena. Itarudi siku yule mama ataileta.”

Alitazamia shukrani, nadhani, au machozi. Anastasie alimwambia tu kwamba amesikia. Lakini moyoni iliuma, na iliuma zaidi kwa sababu aliona kwamba Casimir si mtu mbaya. Alikuwa ametumia nguvu zake zote zilizobaki kulinda kiti kimoja, hakubakiwa na nyingine za kumlinda yeye. Mkokoteni ulipokwisha kuondoka na viti, Anastasie aliingia kwenye kile chumba. Sakafuni kulikuwa na alama za miguu ya viti, duara ndogo ndogo, safu kwa safu. Hapo alilia. Kisha akafagia.

Miezi miwili na nusu ilipita. Watu waliendelea kubisha kwake kwa mazoea, naye akawaelekeza kwa Norbert. Wengine walirudi wakasema wameambiwa waonyeshe kadi ya marehemu. Viti vilifika misibani bila mtu nyuma yake, vikamwagwa uani kama kuni, na asubuhi kijana wa duka akaja kuvihesabu watu wakiwa bado hawajanawa uso. Sokoni walimlalamikia Anastasie kana kwamba bado ni yeye. Alipepeta ndagala wake, akasema pole.

Siku moja mchana, jua likiwa kali, alimwona Mukantwari anakuja katikati ya barabara, kiti cha buluu kichwani, herufi za chama zikitazama mbele. Hakupita vichochoroni. Watu waligeuka, wengine wakatema mate, yeye akaja hivyo hivyo mpaka kwenye ungo. Alikuwa amekisugua kiti mpaka kimekuwa kipya. Anastasie alimwambia kwamba hakai tena na viti, na akaeleza sababu kwa ufupi, akiacha sehemu zinazouma. Mukantwari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo alikuwa amelisikia, na ndiyo maana amekileta kwake, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyempa kiti. Wakakipeleka pamoja kwa Norbert, mmoja ameshika mguu huu na mwenzake ule. Mke wa Norbert, Fanny, ndiye aliyekipokea mlangoni, na wala hakuuliza kadi. Arobaini na viwili vikatimia, na Norbert akasema hatimaye chama kina heshima.

Fanny naye alikuwa mwanakomiti, mwanamke mpole wa Kilembwe, asiyejulikana kura yake ilikwenda wapi. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi habari zilimfikia kwamba mama yake amefariki huko kwao. Njia ya Kilembwe ilikuwa mbaya, hakuweza kwenda kuzika, matanga yakafanyika Baraka uani kwa mume wake. Viti havikuwa na safari ndefu, vilitolewa tu stoo. Siku tatu uani palijaa watu, maana Norbert sasa alikuwa mgombea katika uchaguzi ule, na msiba wa mgombea hauna wavivu.

Siku ya nne kulikuwa na mkutano mkubwa wa chama Fizi. Norbert alikuwa wa tatu kuhutubia. Alfajiri lori likaja, vijana wakapakia viti, Norbert akavihesabu mwenyewe kama sheria yake ilivyosema, arobaini na viwili, hakuacha hata kimoja. Sidhani alifanya kwa ukatili. Alikuwa na hotuba kichwani.

Anastasie alipita pale saa nne akiwa njiani kwenda kuchukua mzigo ufukweni. Lango lilikuwa wazi. Fanny alikuwa ameketi chini, kwenye mkeka, mgongo ukutani, na kina mama wawili waliochelewa walikuwa wamesimama mbele yake wasijue mikono waiweke wapi.

Anastasie hakuingia. Aligeuka, akarudi nyumbani, akasahau mzigo. Alifungua chumba chake, akasimama mbele ya kitanda kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa nacho kigoda kile. Hata vumbi lake alikuwa akilifuta kwa kitambaa cha peke yake. Alikiweka kichwani, akatoka, akafunga kufuli kwa mazoea.

Kwa Norbert alimshika Fanny kwapani akamwinua, akasukuma kigoda kwa mguu, akamkalisha. Fanny alikipapasa kile kiti cha mti, cha miguu mitatu, kilicholainika katikati.

“Mama Anasta, hii nayo iko ya chama?”

“Hapana. Hii ni yangu. Mama moja ya Makere alinipatiaka wakati mutoto wangu alikufa. Sikumupata tena nimurudishie.”

Fanny akamtazama. Mwaka mzima walikuwa wamekaa katika komiti moja, na hakujua kwamba Anastasie aliwahi kuwa na mtoto. Akauliza mtoto aliitwa nani, naye akasema Clarisse. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo kwa sauti tangu avuke ziwa kurudi Kongo. Kisha Fanny akauliza kigoda akirudishe siku gani, na Anastasie akamwambia yale aliyowaambia wote, kwamba siku miguu itakapokubali, atakileta mwenyewe.

Alikaa naye kidogo mkekani. Wale kina mama wawili nao wakapata pa kukaa, pembeni mwake. Halafu akaaga, akashuka ufukweni kuchukua mzigo wake, na kwa kuwa alikuwa amechelewa, akakuta ndagala wazuri wamekwisha, akachukua waliobaki.